Mswaki, mfupa, vijiti au nusu kaputi: meno ya mbwa wako uyasafishe kwa njia gani

Mbwa akinuka mdomo huku kwetu tunasema aah huyo ni mbwa bwana, ulitaka anukie nini. Na mi nilikua nasema hivohivo mpaka Popi, kambwa ketu kadogo keupe ka manyoya marefu, alipoanza kutafunia upande mmoja, anaokota kipande anakiangusha, anakiokota tena, alafu anakaa pembeni ya bakuli ananitazama. Alikua na miaka 5 tu. Tulipomfungua mdomo vizuri kwa daktari wa mifugo, gego kubwa la juu lilikua limefunikwa na ugaga wa kahawia mgumu kama ganda la chaza, fizi imevimba na ukiibonyeza inatoa usaha, na mbwa mwenyewe hajawahi kulia hata siku moja, mbwa ndo walivyo, anavumilia maumivu kimyakimya miezi na miezi na bado ukirudi nyumbani anakutikisia mkia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwenzake Jeki, wa kienyeji, mwili mkubwa, anakula chakula kilekile, meno masafi kabisa isipokua moja lililovunjika, na hilo ntalieleza kwenye mifupa. Kwa hao wawili nimeshapitia karibu kila njia inayouzwa madukani na inayoshauriwa mtaani, kwahiyo ngoja nizipambanishe hapa, ipi inafanya nini, ipi haifanyi, na ipi inamfaa mbwa gani.

Angalia mdomo kwanza ndo uchague

Hii watu wengi wanairuka wanaenda moja kwa moja kununua. Mkalishe mbwa, mshike kidevu kwa chini, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba kuelekea nyuma shavuni. Usiishie kwenye meno ya mbele na chonge, hayo yanadanganya sana, yanaweza kua meupe wakati magego ya nyuma yana hali mbaya. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, 20 juu na 22 chini, na yanayoumwa zaidi mara nyingi ndo yale ya nyuma usiyoyaona akihema.

Onyo kabla hujafika mbali: kama mbwa hajachanjwa kichaa cha mbwa usitie mkono mdomoni mwake, kachanje kwanza. Na mbwa aliyeanza ghafla kutoa mate mengi, taya limelegea, hamezi, sauti imebadilika, anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni, huyo usimchunguze kwa mkono kabisa hata kama ni wa kwako na umemlea toka mdogo, kwasababu kichaa cha mbwa kinaweza kuanza hivohivo. Mfungie mahali, ita daktari.

Sasa unachotafuta ni mstari pale fizi inapokutana na jino. Fizi nzuri imetulia, ya pinki (mbwa wengine wana fizi nyeusi au za mabaka kwa asili, hiyo sio ugonjwa). Ukiona mstari mwekundu, au ukigusa kidogo inatoka damu, au jino linacheza, au fizi imepanda mpaka mzizi unaonekana, tatizo limeshaanza. Na harufu. Mdomo wa mbwa wenye afya hauna harufu ya kukufanya ugeuze uso.

Kinachotokea ni hivi. Ukoga, ule utando laini wa kunata ambao hata wewe unaukuta kwenye meno asubuhi, unaanza kujijenga tena masaa machache tu baada ya kusafisha. Usipotolewa, madini yaliyomo kwenye mate yanaugandisha, na ndani ya siku 2 au 3 unaanza kua ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue vipi. Mate ya mbwa yana hali ya magadi zaidi kuliko ya kwetu, ndo maana mbwa ni nadra kutoboka meno kama watoto wetu ila ugaga wanaupata haraka sana. Alafu kitu ambacho mi sikukijua: shida kubwa sio huo ugaga unaouona, ni bakteria wanaoingia chini ya fizi. Huko wanatengeneza mifuko, mwili unapambana nao, na katika hayo mapambano mfupa ulioshikilia jino unalika kidogokidogo. Kwa mbwa wadogo taya linaweza kua jembamba mpaka likavunjika kwa kuruka tu toka kwenye kochi. Kwa gego la juu au chonge usaha unaweza kupenya mpaka puani, unaona mbwa anapiga chafya kila siku unadhani mafua.

Kwahiyo njia zote ntakazozitaja zinagawanyika mafungu mawili na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Fungu la kwanza ni za kuzuia: mswaki, vijiti vya dukani vya kutafuna, chakula cha meno, dawa za kuweka kwenye maji. Fungu la pili ni la kutibu, na hilo lina kitu kimoja tu, kusafishwa na daktari mbwa akiwa amelala. Kama fizi ni nzima chagua kwenye fungu la kwanza. Kama fizi zimeshaharibika, fungu la kwanza halitakusaidia kitu mpaka upite la pili. Kumpigisha mswaki mbwa mwenye mifuko ya usaha ni kumtesa, atakuchukia na mswaki ataukataa maisha yake yote.

Mswaki na vijiti vya kutafuna

Hapa ndo swali linaloulizwa zaidi, maana vijiti vinauzwa supamaketi, mbwa anavipenda, unampa umemaliza, wakati mswaki ni kazi. Nikisema ukweli wangu wote, mswaki unashinda na haukaribiwi. Sababu ni rahisi, nyuzi za mswaki zinaingia kidogo chini ya ukingo wa fizi pale ukoga unapojificha, na wewe ndo unaamua uende jino gani, wakati kijiti kinasugua pale tu mbwa anapotafunia, na mbwa wengi wana upande wanaoupenda. Chonge na meno ya mbele kijiti hakiyagusi kabisa, au kinayagusa sekunde mbili.

Ila mswaki una sharti ambalo kijiti hakina sana, nalo ni wewe. Inatakiwa kila siku. Chini ya mara 3 kwa wiki faida inakua ndogo mno, kwasababu ugaga haukusubiri, na kwa mbwa ambaye fizi zimeshaanza kuwasha hata hizo mara 3 hazitoshi. Mtu anayejijua ratiba yake ni ya kuondoka alfajiri na kurudi usiku amechoka, bora aseme ukweli achague kijiti chenye muhuri (huo muhuri ntaueleza hapo chini) ampe kila siku kuliko kununua mswaki mzuri ukakaa kabatini.

Vifaa vyenyewe sio ghali. Mswaki wa mtoto mchanga wenye nyuzi laini unatosha, au kitambaa cha pamba umekizungusha kwenye kidole, kwa kuanzia hiki cha pamba ndo bora. Kwa wale ambao mate ya mbwa ni najisi kiimani, glavu za duka la dawa zinamaliza hilo tatizo, na hata kwa wengine glavu sio mbaya. Dawa ya meno ndo inayohitaji umakini. Usitumie ya kwako. Ya binadamu ina floraidi na sabuni ya povu, sisi tunatema, mbwa anameza yote. Na nyingine zina zailitoli, utamu fulani ambao kwenye pakiti unaandikwa xylitol au kwa namba E967, na huo kwa mbwa ni sumu kweli, unafanya mwili wake umwage insulini nyingi, sukari inashuka ndani ya nusu saa mpaka saa moja, anayumba, anaanguka, degedege, na kwa dozi kubwa ini linakufa. Upo pia kwenye bigijii zisizo na sukari na baadhi ya siagi za karanga, kwahiyo akila hizo usisubiri dalili, mkimbize. Dawa ya meno ya mbwa inauzwa, ina ladha ya kuku au nyama, unamwekea aimeze. Usipoipata tumia mswaki na maji matupu, kwasababu kinachotoa ukoga ni msuguo, dawa ni ya kumfurahisha mbwa tu.

Namna ya kumzoesha watu wanaiharakisha ndo maana wanashindwa. Wiki ya kwanza usisugue chochote, nyanyua tu mdomo, gusa, mpe kitu anachopenda. Wiki ya pili mlambishe dawa kwenye kidole, pitisha kidole kwenye fizi. Ya tatu kitambaa, meno ya pembeni machache. Alafu ndo mswaki, umeuinamisha kidogo kuelekea kwenye fizi, sekunde 30 kila upande, upande wa nje tu, wa ndani ulimi wake unasaidia na wala huna haja ya kupigana nae. Jeki alichukua mwezi mzima. Popi, baada ya kutibiwa, wiki 6, lakini sasa hivi saa 3 usiku akisikia kabati limefunguliwa anakuja mwenyewe anakaa.

Kuhusu vijiti sasa. Vinatofautiana sana na pakiti zote zimeandikwa maneno mazuri. Kitu kimoja cha kuangalia: kuna baraza huko Marekani linaitwa VOHC, lilianza 1997, lenyewe halifanyi majaribio, linapitia majaribio ambayo kampuni imefanya kwa masharti ya baraza, na likiridhika bidhaa inapewa muhuri, na muhuri unasema kama imethibitika kupunguza ukoga, au ugaga, au vyote viwili. Greenies ni mfano wa vijiti vyenye huo muhuri. Orodha yao iko wazi kwenye intaneti, ukiwa dukani umeshika pakiti unaweza kuangalia kwa simu palepale. Kisichokua na muhuri sio lazima kiwe kibaya, ila unanunua kwa imani.

Chagua kulingana na kilo za mbwa, sio kulingana na bei. Kijiti cha mbwa mdogo ukimpa Rottweiler anakimeza kizima, hajasafisha kitu na anaweza kupaliwa. Kaa nae anapotafuna. Na vinanenepesha, kwa mbwa wa kilo 4 kijiti kimoja ni chakula kabisa, punguza kwenye bakuli.

Chakula cha meno nakipitia haraka. Kampuni ya Hill's wana kile kinaitwa t/d, punje zake kubwa na zimepangwa nyuzinyuzi ndani kiasi kwamba jino linazama katikati kabla punje haijavunjika, kwahiyo inafuta jino lote. Kina muhuri wa VOHC. Ni kizuri kwa asiyeweza mswaki, ila ni cha bei na hakipatikani kila mkoa. Chakula kikavu cha kawaida hakifanyi hivyo, punje inapasuka pale ncha ya jino inapogusa tu, kwahiyo ile imani ya kwamba mbwa akila kikavu meno yanajisafisha haina nguvu. Wa ugali na dagaa na wa punje kavu, wote wanahitaji mswaki.

Mifupa

Hapa najua kuna watu tutabishana. Babu zetu walifuga mbwa wakiwatupia mifupa na meno yao yalikua meupe, ni kweli, na sayansi haikatai moja kwa moja, kuna utafiti wa Brazil uliotoka 2016 uliwapa mbwa wachache aina ya Beagle mifupa mibichi ya ng'ombe na ugaga ukapungua sana kwa siku chache tu. Kwahiyo anayesema mfupa unasafisha hadanganyi.

Tatizo ni gharama ya upande wa pili. Jeki alipewa mfupa wa mguu wa ng'ombe siku ya shughuli, kila mtu anafurahi mbwa nae apate, na kesho yake nikaona gego lake la juu la kukatia nyama limebanduka ubavu mzima kama kigae, katikati kuna kidoa chekundu. Kile kidoa ni kiini cha jino, kuna mshipa wa fahamu na damu mle, kimebaki wazi. Jino lililofika hapo lina njia mbili tu, kutibiwa mzizi na mtaalamu au kung'olewa, hakuna kusubiri tuone, kwasababu bakteria wanashuka moja kwa moja mpaka kwenye mzizi na baadae unaona uvimbe chini ya jicho. La Jeki liling'olewa. Jino lilikua zima halina hata chembe ya ugaga, na lina mizizi 3, kazi kubwa kulitoa.

Mfupa uliopikwa ndo mbaya kabisa, unapasuka vipande vyenye ncha kama sindano, unachoma utumbo, na mifupa ya kuku ya kupikwa iko hapohapo. Mbichi haupasuki hivyo ila bado ni mgumu kuliko jino, na unaweza kuja na bakteria wa salmonella ambao mbwa anawabeba mpaka kwenye mikono ya watoto. Na wanaochukua mabaki machinjioni, mapafu na maini mabichi msiwape mbwa kabisa, humo kuna malengelenge ya tegu ambalo mbwa akilipata anamwambukiza binadamu, na wafugaji wa Turkana wameteseka nalo sana. Chemsha vizuri ndo uwape.

Kipimo cha kitu chochote cha kutafuna: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi alama hata kidogo, ni kigumu mno. Kwato, pembe, mfupa wa paja, vyote vinafeli hapo. Kwahiyo kwangu mfupa sio chaguo. Namwelewa kabisa anayeishi kijijini, mbwa 4, hana duka la vijiti wala daktari karibu, na mbwa wake wanaguguna mifupa mibichi laini ya mbavu chini ya uangalizi, yeye kachagua kilichopo. Lakini uliye mjini unanunua mifupa kwa ajili ya kusafisha meno wakati mswaki wa mtoto uko duka la dawa, hapo badilisha.

Kukwangua bila usingizi, na kusafishwa kwa nusu kaputi

Hii ndo sehemu iliyonifanya niandike. Popi kabla hajaumwa alisafishwa meno. Alipelekwa sehemu wanaosha na kunyoa mbwa, wakasema pia tunasafisha meno, bila usingizi, salama, dakika 20, bei nafuu. Walimshika, wakakwangua na kile kichuma, alirudi meno meupe kweli, tukapiga mpaka picha. Mwaka mmoja baadae ndo lile gego la usaha. Daktari alinieleza kwa upole ila maneno yalikua mazito: walikwangua kinachoonekana, kilichokua kinamla kiko chini ya fizi hakikuguswa, na sababu meno yalikua meupe na mi nikaacha kuangalia. Yaani weupe ndo ulionifumba macho.

Weka hizi mbili mezani uone. Bila usingizi wanafika upande wa nje wa jino juu ya fizi, basi. Mbwa macho makavu hakubali chuma chenye ncha kiingie chini ya fizi, inauma, hata wewe usingekubali. Upande wa ndani wa meno hawafiki, nyuma kabisa hawafiki, akishtuka chuma kinachana fizi au ulimi. Hawapimi mifuko, hawapigi eksirei. Na wakimaliza mara nyingi hawapolishi, kwahiyo jino linabaki na mikwaruzo midogo ambayo ukoga mpya unaishika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Sio mi nasema peke yangu, AVDC, ambacho ni chombo cha wataalamu wa meno ya wanyama cha Marekani, wanaipinga hiyo kazi, WSAVA ambao ni umoja wa madaktari wa wanyama wadogo wa dunia nzima wanaipinga, na AAHA, umoja wa hospitali za wanyama wa Marekani, toka 2013 wanataka kazi ya meno ifanywe kwa nusu kaputi na bomba la hewa.

Kwa nusu kaputi inakua hivi. Mbwa anafunga kula toka usiku kama daktari alivyoelekeza. Asubuhi anapimwa moyo, damu kuangalia figo na ini, anawekewa dripu, analala, anaingizwa bomba kwenye koromeo la hewa. Lile bomba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwasababu mashine ya kukwangua inafanya kazi kwa mtetemo na inamwaga maji muda wote, maji yenye bakteria, bila bomba yanaweza kwenda kwenye mapafu. Wanasafisha juu ya fizi, wanaingia chini ya fizi, alafu wanapitisha kijichuma chenye alama za milimita kuzunguka kila jino, kwa mbwa mpaka milimita 3 ni kawaida, zaidi ya hapo ni mfuko. Wanapiga eksirei, maana mzizi ulioliwa hauuoni kwa macho. Yasiyookoka yanang'olewa hapohapo. Wanapolishi, wanaosha, mbwa anaamka, jioni yuko nyumbani. Popi alitolewa meno 6. Nilidhani hatakula tena. Siku ya nne alikua anamaliza bakuli, na wiki ya pili akaanza kukimbia na kuleta mpira, kitu ambacho alikua ameacha na sisi tukasema amekua mtu mzima. Kumbe alikua anaumwa.

Ubaya wa nusu kaputi upo na siufichi. Ni gharama, kwetu ilikua ya kumlisha mbwa miezi kadhaa, na bei inatofautiana sana kati ya kliniki na kliniki, hasa ikihusisha kung'oa. Usingizi wenyewe una hatari, ndogo kwa mbwa mwenye afya aliyepimwa, kubwa zaidi kwa mwenye moyo mbovu, figo mbovu au wale wa pua fupi. Uzee peke yake sio sababu ya kukataa ila ni sababu ya kupima zaidi. Na sio kila kliniki ina vifaa, madaktari wetu wengi wako vizuri kwa ng'ombe na kuku na chanjo ila mashine ya meno hawana, na hilo sio kosa lao.

Kwahiyo piga simu uulize kabla. Mnaweka bomba la hewa au mnachoma sindano ya kulevya tu? Nani anamwangalia mbwa mapigo na pumzi muda wote wakati mwingine anasafisha? Mnaingia chini ya fizi? Mnapolishi? Mna eksirei? Kama eksirei hawana ila mengine yote wanayo, kwa mazingira yetu mi ningekubali, ni hatua kubwa kuliko kukwanguliwa macho makavu. Kama bomba hawana, ningetafuta kwingine. Sehemu za kuanzia kuuliza ni hospitali ya mafunzo ya wanyama pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, na kwa walio Kenya, Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, hata wasipokufanyia wanajua nani anafanya.

Vitu vingine watu wanavyoniuliza

Dawa ya kuweka kwenye maji ya kunywa: zipo chache zenye muhuri wa VOHC, zinasaidia kidogo, ni nyongeza na sio mbadala wa kitu, na zisome kama hazina zailitoli. Mafuta ya nazi, sijaona ushahidi wa maana kwa meno ya mbwa, utamharisha tu ukizidisha. Chumvi, mkaa wa kusaga, magadi: hapana, mkaa unakwaruza jino, chumvi na magadi anameza. Mwani, hili nimeulizwa na mtu wa Zanzibar na ni swali zuri, kuna unga wa mwani wa meno unauzwa na una ushahidi, ila ule ni mwani wa kahawia wa bahari baridi za kaskazini, sio huu wetu wanaolima kina mama Paje, ni mmea tofauti kabisa. Na ule una aidini nyingi, mbwa mwenye shida ya tezi ya shingo muulize daktari kwanza.

Amoksilini ya duka la dawa: harufu inapungua wiki moja alafu inarudi, sababu ugaga na mifuko bado ipo, umempunguzia mwenyewe harufu na ugonjwa umeuacha. Na tafadhali sana, mbwa akiumwa jino usimpe diklofenaki wala ibuprofeni wala panadoli yako. Diklofenaki na ibuprofeni zinachoma tumbo na figo zake mpaka kufa, watu wanafanya kwa huruma na wanampoteza.

Mi ningechagua hivi

Mtoto wa mbwa wa miezi 2 au 3: anza kidole na kitambaa leo. Meno ya utoto yako 28 na yatatoka mpaka kama miezi 7 hivi, lengo sio kuyasafisha, ni azoee mkono mdomoni kabla hajawa na nguvu za kukataa. Akifika miezi 7 na bado ana chonge mbili sehemu moja, ya utoto haijatoka, mwonyeshe daktari.

Wadogo wa manyoya, kina Maltese, Japanese Spitz, Yorkshire Terrier, pudo: mswaki kila siku bila mjadala, na panga bajeti ya nusu kaputi toka siku unayomnunua, kwasababu meno 42 yamebanwa kwenye mdomo wa saizi ya paka na yatasumbua. Waliofika miaka 3 wengi wao wameshaanza.

Mbwa wa ulinzi asiyeguswa mdomo: usijivike ushujaa. Vijiti vyenye muhuri kila siku, na akienda kulazwa kwa jambo lingine, mfano kuhasiwa, omba daktari amwangalie meno hapohapo akiwa amelala. Hiyo inaokoa pesa na usingizi mmoja.

Mbwa mwenye fizi mbaya na pesa ya nusu kaputi huna kwa sasa: usikimbilie ya kukwangua bila usingizi kwa kua ni nafuu, hiyo pesa iweke akiba. Mpeleke kwa daktari amwone tu, akupe dawa ya maumivu ya mbwa yenyewe, labda jeli ya klorheksidini (dawa ya kuua bakteria) ya kupaka kwenye fizi, mlainishie chakula, uji mzito wa dagaa waliosagwa wanaupenda, mpe upande asioumwa. Mwambie daktari ukweli kwamba unakusanya, wengi wanakubali kulipwa kidogokidogo au kuanza na jino baya zaidi.